Chuma cha Kuzuia Ukwato

Shaibu bin Abdala alikuwa mhunzi kama baba yake, na karibu kijiji kizima cha Chiola kililima kwa majembe yaliyotoka kwenye fuawe lao. Mradi wa karanga ulipoingia Nachingwea na matrekta yake, akaajiriwa karakana kufua minyororo ya kung'olea miti. Mwanzoni kila mashine ilimshangaza, baadaye akazizoea zote. Ambaye hakumzoea ni farasi.

Alikuwa farasi jike, mwekundu kama udongo wa barabara ya Ruangwa, mali ya Bwana Mpimaji, Mwingereza aliyepima mashamba mapya. Kwa ajili ya mbung'o, hata ng'ombe upande ule walikuwa wa kutafuta, sembuse mnyama huyu! Kila alipopita karibu na karakana, nyundo ya Shaibu ilisimama hewani.

Januari ya mwaka hamsini, mvua ikiwa imelainisha ardhi, farasi alitumbukiza mguu wa mbele kati ya mizizi ya kisiki kilichong'olewa. Akarudi kwa miguu mitatu. Kesho yake Eustakio, saisi aliyemtunza, alikuja karakana mbio.

"Fundi Shaibu, daktari wa mifugo amefika kutoka Lindi. Anakuita."

"Mimi? Nina nini mimi na farasi?"

"Anataka mtu anayejua chuma."

Walimkuta Bwana Mpimaji nje ya nyumba yake, amekaa juu ya sanduku, bunduki mapajani, macho mekundu. Daktari, mzee mwembamba aliyesema Kiswahili polepole, alikuwa amechuchumaa huku ameushika ule mguu.

"Fundi, weka mkono hapa."

Shaibu akaweka. Ukwato ulikuwa wa moto kama ugali ulioepuliwa sasa hivi, na juu yake mshipa ulikuwa ukidunda kwa nguvu. Akauondoa mkono upesi, kisha akaurudisha mwenyewe.

Hospitali ilikuwa imewaazima mashine ya kupiga picha za mifupa, na picha yenyewe ilikuwa tayari. Daktari akainyanyua kuelekea juani. Siku zote Shaibu alidhani ukwato ni kitu kigumu mpaka ndani, kama pembe. Sasa aliona kwamba ndani yake umelala mfupa mweupe, umepinda kama mwezi mchanga, na ubavuni mwake umepita mstari mweusi, mwembamba kama unywele.

"Subhanallah," akasema kwa sauti ndogo. "Mtu akivunjika tunamfunga vijiti. Huyu tutamfunga wapi, Bwana Daktari, na mfupa umefungiwa ndani?"

"Mungu amekwisha kumfunga. Ukwato ndio vijiti vyake. Tabu ni moja: farasi akikanyaga, ukwato hutanuka kidogo. Akiinua mguu, unarudi. Kwa hiyo mfupa hautulii."

"Unatanuka? Ugumu wote huu?"

"Kila hatua, tangu siku aliyozaliwa. Nataka chuma cha kuuzuia usitanuke."

Akachora chini kwa kijiti: kiatu cha chuma kilichozibwa nyuma, chenye masikio yanayopanda na kuushika ukwato pande zote mbili. Bwana Mpimaji akauliza jambo kwa Kiingereza. Daktari akamjibu kwa maneno machache, akionyesha bunduki na kutikisa kichwa.

Kiatu cha kwanza kilibana mno. Farasi akatetemeka mwili mzima, Shaibu akakitupa. Cha pili alikifua taratibu, akikipoza na kukipima, akipunguza sikio hili, akinyoosha lile, mpaka kikakaa kama kimeota pale. Misumari ilipigwa mbele tu, mbali na ule ufa. Aliubana mguu katikati ya magoti yake, akasema Bismillahi, akaanza kugonga. Farasi angeweza kumvunja mbavu kwa teke moja. Badala yake aliinamisha shingo, akaegemeza pua yake mgongoni mwa Shaibu, pumzi ya joto ikapenya shati hadi kwenye ngozi. Alikaa hivyo mpaka msumari wa mwisho.

Alipouachia, mguu ulishuka kwanza kwa ncha, kisha wote. Bwana Mpimaji aliinuka, akaipeleka bunduki ndani.

Ukafuata wakati wa kusimama. Miezi mitano farasi hakutoka kwenye kibanda chake. Kila baada ya wiki tano Shaibu alikitoa kile chuma, daktari akapunguza ukwato uliokwisha kuota, kikarudishwa. Siku moja mkewe, Mwantumu, alimfuata huko na mzigo wa majani ya karanga kichwani. Alisimama mlangoni akimtazama farasi.

"Baba Sabaha, huyu anajua kwamba anauguzwa?"

"Anajua. Asingejua angekwisha kuvunja banda hili."

Mwantumu akanyoosha mkono wenye majani. Midomo mikubwa, laini, ikayachukua bila kumgusa kidole. Akacheka, kisha machozi yakamtoka, naye hakujua kwa nini.

Juni picha ilipigwa tena. Ule mstari ulikuwa umebaki kivuli tu. Daktari akaagiza wiki sita nyingine, na mwezi wa nane akaja mwenyewe kukitoa kile chuma mara ya mwisho.

Walimpeleka asubuhi kwenye shamba lililosafishwa upande wa Naipingo. Eustakio akamvua kamba. Farasi alisimama, akanusa upepo. Akatembea. Akachapua mwendo. Halafu akatoka mbio. Shaibu, miguu mitupu, alisikia ardhi ikitetemeka hadi kwenye magoti yake. Watu walioshika majembe waliyaacha wakasimama. Farasi alizunguka shamba zima bila kuchechemea, akarudi akifoka povu, na Bwana Mpimaji akamkumbatia shingo mbele ya watu wote bila kuona haya.

Shaibu hakungoja kuagana. Alikwenda nyumbani moja kwa moja.

"Vipi?" Mwantumu akauliza. "Amekimbia?"

Shaibu akaitikia kwa kichwa, akakunja mikono ya shati.

"Nipe maji nitawadhe," akasema.

"Adhuhuri bado mbali, Baba Sabaha."

"Najua. Wewe nipe tu."