Nimepandishwa na Nani?

Nilipandishwa ngazi nikiwa natoa mashuka kwenye mashine. Simu ilitetema mfukoni mwa aproni, nikafuta mikono, nikasoma: "Hongera! Umepandishwa hadi ngazi ya tano. Njia yako: Ghadhabu." Chini yake palikuwa na kipicha cha mwanamke aliyekenua meno, ameinua shoka juu ya kichwa. Huyo eti ndiye mimi. Nikasoma tena nikidhani ni tangazo la biashara, lakini jina la mhusika wangu lilikuwa pale pale juu, limeandikwa sawasawa.

Nieleze, maana asiyejua mchezo wetu atadhani nimechanganyikiwa. Kila Jumapili mchana tunakutana watu wanne kwenye meza ya shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni fundi wa miwani. Yeye ndiye msimulizi: anatuambia tuko wapi, nani katokea, mlango gani umefungwa. Sisi wengine, yaani mume wangu, wifi yangu na mimi, kila mmoja ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Penye wasiwasi tunarusha dadu. Mhusika akishapitia mengi anapanda ngazi, anapata uwezo ambao hakuwa nao. Mume wangu ni mchawi mwembamba asiyeweza kupigana hata na paka. Wifi, ambaye kazini anaendesha kreni, ni mwizi mwenye vidole vyepesi. Mimi ni Bibi Ngao. Nasimama mbele na ngao kubwa kama mlango, na chochote kinachorushwa kinanifikia mimi kwanza.

Zamani tulitumia karatasi na penseli, na kupanda ngazi kulikuwa na utaratibu wake. Unasimama. Unasema, "Napanda," halafu unaeleza mhusika wako amejifunza nini, kajifunzia wapi, na anaacha nini. Hakuna kumkatiza mtu. Kuna siku wifi alisimama akazungumza mpaka chai ikapoa, akieleza kwa nini mwizi wake hataingia tena nyumba za maskini. Tulimtania wiki nzima, lakini mpaka leo hakuna aliyesahau. Ukimaliza ndipo unafuta namba ya zamani na kuandika mpya.

Kisha mume wangu akaleta programu ya simu. Sikatai, ina faida zake. Inajumlisha yenyewe, haikosei, na shemeji hafunui tena kitabu cha kanuni huku sisi tunapiga miayo. Mume wangu akafungua akaunti ya kikundi, akajiweka msimamizi, akatuingiza wote. Lakini tangu siku ya kwanza kulikuwa na neno moja lililonikera. Sisi tulikuwa tunasema "napanda". Programu inasema "umepandishwa". Nimepandishwa na nani?

Kazini ndiko watu hupandishwa. Mimi ni kaimu msimamizi wa chumba cha kufulia nguo cha hospitali, na nimekaimu muda mrefu mpaka wafanyakazi wapya wanadhani Kaimu ni jina nililopewa na wazazi. Kila nikiulizia cheo changu naambiwa wako watu wanalishughulikia suala langu. Watu hao sijawahi kuwaona. Mezani kwa shemeji ndipo mahali pekee nilipokuwa napanda kwa miguu yangu mwenyewe. Sasa na huko pia nipandishwe, tena nikiwa nimeinama ndani ya mashine?

Nilifika nyumbani damu inachemka. Mume wangu alikuwa sebuleni, amenyoosha miguu, anatabasamu.

"Umeona?" akaniuliza kabla sijavua viatu. "Nimewapandisha wote kwa mkupuo. Jumapili tukifika ni kucheza tu, hakuna kupoteza muda."

"Nani alikwambia nataka Ghadhabu?"

"Programu yenyewe. Imeandika kwa kijani: 'Imependekezwa'. Wabeba ngao karibu wote wanachagua hiyo. Hebu fikiria, unapiga mara mbili kwa zamu moja!"

"Mimi sina hasira!" nilisema, na jirani akapunguza redio yake.

"Naona," akajibu.

Mume wangu si mtu mbaya. Shida yake ni kiherehere cha kusaidia. Ni mwalimu wa udereva, na gari lake la kufundishia lina breki ya pili upande wa abiria. Kutwa anakaa pembeni ya watu wanaoendesha, mguu uko juu ya breki yake, na akirudi nyumbani mguu hautoki. Mhudumu akiniuliza nitakunywa nini, anajibu yeye. Daktari akiniuliza naumwa wapi, anaonyesha yeye. Na mara nyingi anapatia, jambo ambalo linaudhi kuliko angekuwa anakosea.

Safari hii hakupatia. Mimi nilikuwa nataka Kiapo. Kiapo ni njia ambayo programu imeitupa chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu, kama vile inaionea aibu. Mhusika anayekula kiapo hicho anaweka silaha chini moja kwa moja. Hapigi tena mtu yeyote. Badala yake, anayejificha nyuma ya ngao yake hadhuriki, awe rafiki au adui. Kwa hesabu za mchezo ni njia ya hasara. Hilo nalijua, sihitaji kuelezwa kwa kijani.

Lakini mimi nilikuwa na sababu. Jumapili moja mchezoni, kwenye kinu cha kusagia nafaka kilichoungua, Bibi Ngao alizuia mlango usiporomoke, watu wakawa wanatoka kwa kupita chini ya mkono wake. Walipita wanakijiji, kisha wakapita na majambazi wenyewe waliokiwasha moto. Wa mwisho wao alisimama akasema, "Asante, mama." Shemeji alimwigiza kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na aibu, na wote tukacheka. Mimi nilicheka pia, halafu nikarudi nyumbani na ile asante, sikuweza kuitoa kichwani. Nilijua pale pale kwamba Bibi Ngao akipanda tena ngazi hatataka upanga. Nikaanza kutunga maneno nitakayosema siku nikisimama. Nilikuwa nikiyafanyia mazoezi kazini, kwenye kelele za mashine ambako mtu anaweza kusema lolote asisikike. Nilikuwa karibu kuyamaliza.

Na yeye kanibonyezea. Kidole kimoja, akiwa pengine anakula karanga kwa mkono wa pili.

Mpaka Jumapili tulikuwa tunaongea mambo ya chumvi na bili ya maji tu. Tulipofika kwa shemeji sikusubiri hata kiti kivutwe.

"Shemeji, nirudishie ngazi yangu," nikamwambia.

Shemeji hakuelewa. Nikamweleza. Akavaa miwani, akachukua kishikwambi chake, akabonyeza huku, akabonyeza kule, akakunja uso.

"Mfumo haukubali, shemeji," akasema.

Hapo ndipo moto ukaniwaka. Maneno hayo nayasikia kila mwezi kwenye dirisha la mishahara. Nayasikia nikienda kulipia umeme. Mfumo haukubali, mfumo umegoma, mfumo haukutambui. Kila mwenye uvivu wa kufikiri siku hizi ana mfumo wa kujificha nyuma yake. Lakini huyu ni shemeji yangu, aliyewahi kusimamisha mchezo mchana mzima ili tubishane kama farasi anaweza kuona haya. Leo na yeye ananiambia mfumo haukubali!

"Huo mfumo ndio unasimulia, au wewe?" nikamuuliza.

"Nasimulia mimi, lakini..."

"Basi amua wewe. Tucheze kwa mdomo, kama zamani."

"Haiwezekani, shemeji. Nguvu za lile jitu tuliloliacha langoni zimo humu, dadu zimo humu, majeraha yanahesabiwa humu. Ukitoka kwenye programu, jitu halikuoni."

"Afadhali lisinione!"

Wifi akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Akaniona, akajikaza. "Wifi, hata mimi kanichagulia," akasema. "Kanipa sumu. Nimeona si mbaya, nikanyamaza."

"Uliulizwa?"

"Hapana."

"Ungeulizwa ungechagua sumu?"

Wifi akafikiri. Alimgeukia kaka yake polepole, na nikaona kicheko kinamtoka usoni. "Mwizi wangu haui watu," akasema. "Kaka, wewe unajua kabisa. Nilisimama hapa nikasema mpaka chai ikapoa."

Mume wangu akainua mikono. "Jamani, mbona mnanigeuka wote? Nilikuwa nasaidia. Kwani ni nini? Ni mchezo tu!"

"Kama ni mchezo tu," nikamwambia, "ulishindwa nini kuniachia?"

Akatazama dari, akamtazama mdogo wake, na mdogo wake akawa anafuta kioo cha miwani ambacho hakikuwa na doa. Mimi nilikuwa nimeshaanza, sikuona sababu ya kuishia njiani. Nikamwambia kwamba kwenye dunia nzima mimi naamua vitu vichache sana. Kazini wanaamua wengine. Nyumba tunayokaa aliichagua yeye, pazia nilipenda za bluu tukanunua za kahawia kwa sababu hazionyeshi uchafu. Bibi Ngao nilimtengeneza mwenyewe, kidogo kidogo, na alichotaka kuwa nilikuwa nakijua mimi peke yangu. Nikamwambia kwamba nilikuwa na maneno ya kusema. Nilikuwa nimeyatunga.

"Maneno gani?" akauliza.

"Sasa hivi hayana kazi. Nimeshapandishwa."

Shemeji akakohoa. "Kuna kitufe kimoja," akasema kwa sauti ya mtu anayetamani asingekiona. "Kimeandikwa 'Anza upya'. Lakini kinamrudisha mhusika ngazi ya kwanza, shemeji. Kila kitu kinafutika. Unabaki na nguo za kitani na fimbo."

"Na ngao?"

"Ngao ni ya ngazi ya pili."

"Lete."

"Ngoja kwanza," akasema mume wangu, safari hii kwa hofu ya kweli. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumeachia mbele ya lango la mji, na langoni limesimama jitu lenye rungu. "Mke wangu, fikiria. Jitu lile pale. Mtu wa ngazi ya kwanza likimgusa tu anakuwa uji. Halafu mimi niko nyuma yako! Ukifuta kila kitu, mimi nitakingwa na nani?"

"Ungeniuliza hilo kabla hujabonyeza."

"Miaka yote hii, unataka itupwe kwa sababu ya kitufe?"

"Haikutupwa na mimi," nikasema.

Shemeji alinisogezea kishikwambi. Maandishi mekundu yalisema kwamba jambo hili haliwezi kutenguliwa, na kwamba nitapoteza vyote nilivyovipata. Niliyasoma mpaka mwisho, kwa sababu angalau mtu mmoja katika familia hii inabidi asome kabla ya kubonyeza. Ngao nilikuwa naipenda. Nilikumbuka ilikopatikana, na nani alinicheka nilipokuwa naivuta kwenye matope. Iliniuma, sitasema uongo. Nikaweka kidole kwenye "Thibitisha", na chini ya meza nikasikia mguu wa kulia wa mume wangu ukikanyaga sakafu kwa nguvu zote.

Nikabonyeza. Yule mwanamke wa kukenua meno akapotea. Akabaki mtu mmoja asiye na sura, amesimama na fimbo tu mkononi, na chini yake swali: "Ungependa tukuchagulie?" Nikagusa "Hapana", nikamrudishia shemeji mali yake.

Halafu nikasimama. Sikuwa nimepanga kusimama, miguu ilisimama yenyewe. Wote wakanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu programu ile iingie nyumbani mle hakuna aliyeinamia kioo cha simu.

"Sipandi," nikasema. "Nashuka. Lakini nashuka mwenyewe."

Wifi akapiga meza kwa kiganja. Shemeji akavua miwani, akaitazama, akaivaa tena. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kuendelea, kwa sababu msimulizi kazi yake ni hiyo, kuendelea. Akalaza kishikwambi kifudifudi, akafungua droo ya kabati, akatoa dadu za zamani za mkononi na kuziweka katikati ya meza.

"Lango la mji," akasema, na sauti yake ikawa nzito kama ya siku zile. "Jitu limeinua rungu. Limemwona mchawi. Bibi Ngao hana ngao, hana upanga, ana fimbo ya kutembelea. Anafanya nini?"

Mume wangu alifungua mdomo. Wifi akamkazia macho. Akaufunga.

Nilichukua muda wangu. Nje mtu alipita anasukuma baiskeli, mnyororo unakwaruza, akapita mpaka sauti ikaisha, na bado hawakuniharakisha. Ningeweza kumwacha. Hasira niliyokuwa nayo ilitosha kumwacha yule mchawi na rungu la jitu, na hakuna mezani pale ambaye angenilaumu.

"Anasogea," nikasema. "Anasimama mbele ya mchawi."

"Bila ngao?" mume wangu akauliza.

"Bila ngao," nikamjibu, nikizoa dadu. "Na usinisaidie."