Maji Mekundu Ndani ya Pijo

Adero alifika gereji kuchukua kikapu cha mama yake, wala hakujua kwamba angekuta gari limefunuliwa boneti katikati ya ua. Pijo nyeupe ya Mzee Mathenge ilikuwa ikitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena.

Tom, dereva wa Mzee Mathenge, alimwona akamsogelea huku akijifanya anatafuta kitambaa cha kufutia mikono.

Adero alikuwa mwalimu, ametoka chuoni mwaka uliopita, anafundisha Manyatta. Sauti yake ilikuwa ndogo hata watoto wa darasa la pili humwambia, "Mwalimu, hatusikii." Jumamosi iliyopita Tom alikuwa amekwenda kwao Kombewa kujitambulisha kwa wazazi. Alifika na Pijo hiyo, na koti la kuazima, na heshima tele. Jua lilipoanza kushuka akaaga, na mama akampa mayai ndani ya kikapu chake kidogo. Kikapu cha mama mkwe hakicheleweshwi, wala hakirudishwi kitupu.

"Mayai yalikuwaje?" Adero alinong'ona.

Tom alijikuna shingo. "Mazuri. Mazuri sana."

"Mbona unasema kama mtu aliyemeza moja na ganda lake?"

"Shh! Mzee hajui kama gari lilifika Kombewa. Anajua Jumamosi lililala nyuma ya duka lake."

Adero alishika mdomo. Kumbe heshima yote ile ilikuwa ya kuiba! Kabla hajapata la kusema, Mzee Mathenge mwenyewe aliita kutoka upande wa pili, kofia mkononi, uso umekunjamana.

"Fundi, niambie ukweli. Ni mafuta ya taa? Huyu kijana ameuza petroli yangu akatia mafuta ya taa?"

"Pole pole, Mzee," alisema Absalom, fundi. "Injini haihukumiwi kabla ya kuulizwa."

Kando yao, juu ya tairi kuukuu, aliketi mwanamume ambaye Adero alimtambua kwa mshtuko. Alikuwa Obiero, mpagazi wa samaki pale bandarini, kaka wa mama mmoja aitwaye Perez. Kila mtu mjini alijua habari za Perez. Jumamosi jioni, kwenye barabara ya Kombewa, gari lilimgonga mtoto wa Perez na dereva akakimbia. Mtoto alikuwa hospitali, hajafumbua macho. Tangu siku hiyo Obiero alizunguka gereji moja baada ya nyingine. Hakuuliza kitu. Alikaa tu na kuangalia magari.

Absalom aliinama juu ya injini inayonguruma. Akachomoa waya wa plagi ya kwanza, injini ikayumba. "Hii inafanya kazi." Akairudisha, akachomoa ya pili. Injini haikubadilika hata kidogo, ikaendelea kukohoa vilevile. "Aa. Wewe ndiye unayelala kazini." Akazima gari.

Plagi za Pijo hukaa ndani kabisa, kila moja katika shimo lake kama panya. Absalom alivuta kofia ya plagi ya pili, akamulika. Alichovya kitambaa cheupe ndani ya shimo, akakitoa.

Kilikuwa chekundu. Na juu ya wekundu ule ulining'inia utepe mweupe, laini, kama kipande cha ngozi.

"Yawa!" mtu mmoja alipiga kelele. "Damu!"

Adero hakumwona Obiero akiinuka. Alimwona tu akiwa tayari amemkaba Tom shingoni, amembana kwenye mlango wa gari.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

Tom alifungua mdomo, akamtazama Mzee Mathenge, akaufunga.

"Nakuuliza! Jumamosi jioni ulikuwa wapi?"

Watu walikuwa wakiingia uani kutoka barabarani, na mmoja alikuwa ameshaokota spana. Tom akageuza macho, akamtazama Adero.

Adero alijua. Katika ua mzima ni yeye peke yake aliyejua. Gari hili, barabara ile, saa ile jua linashuka. Yeye mwenyewe alisimama langoni akalipungia mkono mpaka vumbi likatua. Alitaka kusema kitu, chochote, lakini miguu yake ikarudi nyuma. Hatua moja tu. Tom aliiona.

"Mwachilieni!" Absalom alipaza sauti. Alikuwa ameuminya ule utepe kati ya vidole, akaunusa, kisha, watu wakimtumbulia macho, akaugusa kwa ulimi. "Obiero, ndugu yangu, njoo unuse. Hii si ngozi ya mtu. Ni yai."

"Yai?"

"Yai lililochemka." Alifunika kifuniko cha rejeta kwa gunia, akakizungusha taratibu mpaka mvuke ukaisha, akakifungua. Ndani kulikuwa na mchuzi mwekundu wa matope na kutu, na nyuzi nyeupe zikielea kama tambi. "Kuku hata hakupata nafasi ya kuzaliwa. Sasa nani alipika humu?"

Tom alikohoa, shingo ingali mikononi mwa Obiero. "Mimi. Maji yalikuwa yanavuja njiani. Nilijaza maji ya mtaroni, nikatia mayai yazibe. Madereva wote hufanya hivyo."

"Mayai huziba tundu la rejeta, bwana! Hayazibi mpira." Absalom aliupinda mpira wa maji, na upande wa chini ufa ukafunguka kama mdomo. "Injini ikipata moto, huu unatema maji juu ya plagi. Plagi inaogelea, cheche inazimika, gari linakohoa. Na mbele, Obiero, tazama. Vumbi la wiki nzima. Hakuna bonyeo, na hata nzi waliokufa hawajaguswa."

Obiero alizunguka mbele ya gari. Alipitisha kiganja kwenye taa, kwenye bamba, pole pole, kama anayempapasa ng'ombe. Kisha mabega yakamshuka.

"Nisamehe, kijana," alisema. Akatoka akishika njia ya Nyamasaria, kwenye gereji nyingine, na watu wakampisha.

Mzee Mathenge akamgeukia dereva wake. "Njiani? Njia gani, Tom?"

"Ya Kombewa, Mzee. Nilikwenda kwa wakwe."

"Na gari langu! Na siku mtoto wa watu anagongwa huko huko!" Akanyoosha mkono. "Lete funguo. Niliwahi kukukatalia? Uliniomba lini nikakukatalia?"

Tom alimpa funguo. Kisha akaingia nyuma ya karakana, akarudi na kikapu. Ndani alikuwa ametia sukari, imefungwa vizuri kwa karatasi. Alimnyooshea Adero bila kumtazama.

"Ulirudi nyuma," alisema.

Adero angeweza kusema kwamba aliogopa tu, au kwamba jua lilimchoma macho. Machozi yalimtoka, na sauti yake ndogo ikatoka pamoja nayo.

"Nilirudi."

Hakukipokea kikapu. Alikisukuma taratibu kifuani kwa Tom.

"Mpelekee mama mwenyewe. Umwambie mayai yake yalikwenda wapi." Akapangusa pua. "Nami nitamwambia nilichokudhania. Twende kwa miguu, tukianza mapema tutafika."

Tom alisimama, kikapu mikononi. Nyuma yao Absalom alikuwa ameanza kukausha shimo la plagi kwa kitambaa, na kila alipokitoa, kilitoka chekundu.