Mlezi wa Mwalimu Calist

Ujumbe uliingia wakati Nasma anamkatia mteja kitambaa cha pazia dukani kwa mama yake, karibu na soko kuu la Singida. Aliiona simu ikiwaka, akajikaza, akamaliza kukata, akakunja, akafunga, akamwambia mteja karibu tena. Mteja alipotoka tu, akairukia simu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Tangu chuo alichosoma kiwaombe wahitimu wake wajitolee kuwalea wanafunzi wa sasa, Nasma alikuwa hatulii. Kazi yenyewe ilielezwa kwa maneno machache tu: unapewa mwanafunzi mmoja wa mkoa wako aliye mwaka wa mwisho, unamsaidia kuujenga mradi wake, unamwonyesha milango ya kazi ilipo. Lakini yeye alikwisha kuyajenga mengi juu ya hayo machache. Alimwona kabisa huyo mwanafunzi, msichana mwenye haya kutoka Ilongero, amekaa na kalamu mkononi, anauliza, na yeye Nasma anajibu taratibu, kwa sauti ya mtu mzima.

"Ni nani basi?" aliuliza mama yake, Bi Zabibu, kutoka nyuma ya meza.

Nasma alisoma jina mara ya kwanza. Akalisoma tena.

"Calist Amosi."

"Si jina la mwalimu wako wa darasa la tano hilo?"

"Ni yeye mwenyewe, mama. Picha yake hii hapa."

Bi Zabibu alivaa miwani, akaichukua simu, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Mwalimu Calist alikuwa mtu wa Kiomboi, lakini alifundisha mjini miaka mingi, na nusu ya watoto wa mtaa wao walipita mikononi mwake. Kisha ikasikika kwamba ameiweka chaki chini na kwenda chuo kikuu, umri umekwisha kupita arobaini, kusomea ugani wa mifugo. Watu walishangaa siku mbili tatu, wakaacha.

"Kwa hiyo wewe ndiye mlezi, na yeye ndiye anayelelewa," alisema Bi Zabibu.

"Ndivyo walivyoandika."

"Basi Jumatatu umkague kucha. Wewe alikukagua mpaka ukahitimu."

Nasma alicheka mpaka akakaa. Kisha akaacha kucheka. Kwa kazi yake katika shirika la maji alikwisha kusimama mbele ya majopo mengi kutetea miradi ya vijiji, mingine ikapita, mingine ikaangushwa, na alijua majopo yanavyosikiliza na mahali yanapochoka. Hicho ndicho alichokuwa nacho cha kumpa mtu. Sasa alikuwa anakwenda kumpa mtu aliyemfundisha kugawanya sehemu.

Walikutana Jumatatu hiyo kwenye mgahawa ulio nyuma ya stendi. Mwalimu Calist alikuwa amefika kwanza, shati limepigwa pasi, kompyuta mezani. Nasma aliingia, na kabla hajafikiri, alikwisha kupiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," alijibu kwa mazoea, kisha akajishika kidevu. "Hapana, ngoja. Mlezi ndiye mkubwa. Leo ilikuwa zamu yangu."

"Mwalimu, ukiniamkia wewe mimi nitakimbia."

"Basi tuache hivyo hivyo. Kaa, mlezi wangu. Chai ya rangi au ya maziwa?"

Alikuwa na furaha ya kijana. Alieleza kwamba kuna shirika la wafugaji limeita watu wenye mawazo mapya waje kuyaeleza kwenye ukumbi mmoja Nduguti. Kila mtu atapewa dakika kumi. Wazo litakalochaguliwa litajaribiwa vijijini mwaka huu huu, kabla kiangazi hakijashika na ugonjwa wa kideri kuanza kufagia kuku. Yasiyochaguliwa yatabaki karatasi.

"Na mimi sitaki langu libaki karatasi, Nasma. Nimechoka kuona kuku wanakufa na dawa ipo. Sasa sikiliza, kisha uniambie ukweli."

Akasimama pale pale mgahawani, akarekebisha shati, akaanza. Alianza na kuku walivyotoka Asia. Akaeleza kuku walivyofika Afrika, aina za kuku, uzito wa kuku, faida za kuku katika jamii. Mhudumu alileta chapati, akaziacha, akaondoka kwa kunyata. Mtu wa meza ya pili alimaliza supu yake na kwenda zake. Chai ya Nasma ikapoa. Ndipo mwishoni kabisa, kwenye slaidi ambayo aliipita haraka kwa sababu ya kuona muda umekwenda, likatokea wazo lenyewe, na lilikuwa zuri kiasi kwamba Nasma alikaa wima. Kisha likafunikwa na slaidi ya shukrani.

"Haya," alisema Mwalimu, jasho likimtoka, macho yanang'aa. "Nipe."

Nasma aliyajua yote ya kusema. Yalikuwa yamejipanga mdomoni. Lakini aliyekuwa mbele yake alikuwa Mwalimu Calist, amesimama kama alivyosimama mbele ya ubao, na mdomo ukatoa kitu kingine.

"Ni nzuri, Mwalimu. Nzuri sana."

"Hakuna hata pa kurekebisha?"

"Labda... sauti. Ipaze kidogo."

Mwalimu aliandika kwa makini: sauti. Nasma alirudi nyumbani hajipendi.

Siku ya Nduguti waliondoka na gari la asubuhi, wakapita Ilongero upepo ukilaza alizeti kandokando ya barabara. Mwalimu alikuwa akirudia maneno yake kimoyomoyo, midomo inacheza. Nasma alijaribu mara mbili kuanza kusema. Mara ya kwanza alisema, "Mwalimu, kuhusu ile ya mwanzo..." naye akajibu, "Ya Asia? Nimeiongeza kidogo, utaipenda." Mara ya pili alifungua mdomo, akaishia kuuliza watafika saa ngapi.

Ukumbini wa kwanza kuitwa alikuwa kijana aitwaye Luqmani, mwenye mradi wa mizinga ya nyuki. Alianza na historia ya asali. Mwenyekiti wa jopo, daktari wa mifugo aitwaye Mama Rukaiya, alimsikiliza kwa adabu mpaka dakika zake zikaisha, kisha akasema, "Ahsante sana, mwanangu, tumepata picha," na Luqmani akashuka mizinga yake hajaitaja. Alikaa nyuma, akaikodolea macho sakafu.

Mwalimu Calist aliinama kwa Nasma. "Kijana hakujua kupanga muda," alinong'ona. "Mimi nitasema haraka haraka."

Hapo Nasma akaona kwamba akinyamaza tena, yeye ndiye atakayekuwa ameuangusha mradi huo. Kulikuwa na mapumziko ya chai, na jina la Mwalimu lilikuwa la kwanza baada ya chai.

Alimshika mkono wa shati, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani, akamtoa nje mpaka nyuma ya ukumbi, palipoegeshwa pikipiki.

"Mwalimu, nilikudanganya siku ile. Si nzuri. Wazo lako ni zuri kuliko yote niliyoyasikia mwaka huu, lakini umelizika. Watakufanya kama yule kijana."

Upepo ulikuwa unapeperusha tai ya Mwalimu, naye aliiacha ipepee.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilishindwa. Wewe ni Mwalimu."

"Nasma." Aliita kwa sauti ya chini. "Unajua nimekaa chuoni namna gani? Wenzangu darasani wananiita mzee. Wananipisha kiti, wananibebea begi. Mhadhiri wangu ni mdogo kwangu, akinirudishia kazi anasema, hongera mzee wangu, na alama nzuri ananiandikia. Miaka mitatu, hakuna aliyenishika mkono akaniambia hapa umekosea. Chuo kiliponiletea majina ya walezi nichague, nikaona lako. Nikasema huyu nilimchapa kwa hesabu, atakuwa na kisasi kidogo. Huyu atasema."

Nasma alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Hakukuwa na muda wa lolote kati ya hayo.

"Haya, nasema. Asia itoke."

"Yote?"

"Yote. Na uzito, na faida katika jamii. Mwalimu, wale ni madaktari wa mifugo, kuku wanamjua. Niambie, hili wazo lilikuanzia wapi? Lilikuja siku gani?"

"Kwa mama, Kiomboi. Lakini hiyo ni habari ya nyumbani, siyo utafiti."

"Nieleze."

Alieleza. Mama yake alikuwa na kuku kumi na wawili, kideri kikaingia, wakaisha wiki moja. Chanjo ilikuwepo dukani, tone moja tu la jichoni. Lakini kichupa kimoja kinatosha kuku zaidi ya mia, na kikishachanganywa hakiwekwi. Nani anunue kichupa cha kuku mia kwa ajili ya kuku kumi na wawili? Jirani yake alinunua, akachanja wanane wake, dawa iliyobaki akaimwaga. Ukuta kwa ukuta na banda la mama.

"Anza hapo," alisema Nasma.

"Na mama yangu?"

"Na mama yako. Kisha kichupa kilichomwagwa. Kisha wazo: nyumba kumi, kichupa kimoja, alfajiri moja kabla kuku hawajafunguliwa. Kisha ukae."

"Slaidi je?"

"Acha kompyuta kwangu."

"Nasma, hiyo slaidi ya ramani nilifanya usiku tatu..."

"Hapana, Mwalimu."

Neno lilitoka lenyewe. Wote wawili walilisikia. Mwalimu alimtazama, kisha akamkabidhi kompyuta kwa mikono miwili kama anavyokabidhi mtu daftari la kusahihishwa, na ndani wakasikia jina lake linaitwa.

Alisimama mbele mikono mitupu. Mwanzo uliyumba. "Kuku," alisema, "ni ndege aliyetokea..." akasita. Nasma, mstari wa tatu, aliikumbatia kompyuta na kutikisa kichwa waziwazi, kila mtu anaona. Mwalimu akavuta pumzi.

"Mama yangu anakaa Kiomboi," alisema.

Alizungumza kama mtu anayewasimulia jirani zake, akatupia hata mzaha wa jogoo, na alipofika kwenye kichupa kilichomwagwa, mjumbe mmoja wa jopo alitoa mlio wa masikitiko, maana wote walikuwa wamewahi kuviona vichupa hivyo. Nasma alijikuta amesogea mpaka ukingoni mwa kiti. Dakika hazijaisha, wazo likawa limesimama mezani peke yake, halina kitu juu yake.

Mama Rukaiya aliweka kalamu chini. "Nyumba kumi hizo, Mwalimu, nani atazikusanya alfajiri? Watu wa kijijini unawajua."

"Nawajua. Msiba ukitokea leo, Daktari, nani huwakusanya wakachimbe?"

"Wanakuja wenyewe. Akiitwa mmoja anamwita mwenzake."

"Basi huyo huyo anayeita msiba, tumpe kichupa."

Watu walicheka, na Mama Rukaiya alicheka nao, lakini aliandika. Akauliza na swali la pili, na hilo Mwalimu akalijibu kwa maneno mengi. Walikaa wakinong'onezana mezani wakati wengine wanamalizia. Jioni, jina lililosomwa lilikuwa la Calist Amosi. Wataanza na vijiji viwili, kimoja Mkalama na kimoja Iramba, kabla ya kiangazi, na yeye ndiye atakayesimamia.

Nje, watu walimzunguka Mwalimu kumpa mkono. Luqmani wa mizinga alikuja pia, akauliza kwa aibu ni nani aliyemwandaa. Mwalimu akamwonyesha Nasma kwa kidole. "Mlezi wangu yule. Mwombe, lakini ujue ana mkono mzito."

Kisha akamjia Nasma, uso umejaa furaha mpaka unakaribia kupasuka, akapokea kompyuta yake.

"Haya, niambie. Nilikosea wapi?"

"Mwanzo uliyumba," alisema Nasma. "Kuna mzaha mmoja wa jogoo haukuwa na kazi. Na swali la pili hukulijibu kabisa, ulilizunguka."

"Lipi?"

"La nani atatunza chanjo isiharibike njiani. Watakuuliza tena wiki ijayo, na hutakuwa na pa kuzungukia."

Mwalimu Calist alicheka, akatafuta kalamu mfukoni, akakosa. Nasma akampa yake, wakakaa kwenye ngazi za ukumbi kungojea gari la Singida, naye akaanza kumwambia la kuandika.