Aliyekula Samaki Hapewi Maziwa

Taufiki alitema. Hakugeuka pembeni kama mtu aliyelelewa; alitema pale pale sokoni Biharamulo, mbele ya mama aliyemwonjesha, na kipande cha kumbikumbi kikabaki kimeganda kwenye mdomo wa chini.

"Mdudu huyu!" akasema.

"Kwani ulidhani nini, shemeji, njugu?" Zulfa, mke wa kaka yake, alicheka mpaka akashika kiuno. "Nyie watu wa Tanga si mnakula pweza? Pweza ana miguu mingapi?"

"Pweza si mdudu."

"Ni nani, sheikh?"

Mama muuzaji naye akacheka, akafunika ungo wake, akamwambia Zulfa ampeleke mgeni wake akale mawe.

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa tano, mwaka tisini na nne. Taufiki alikuwa na wiki tatu tangu ashuke kwenye basi, na katika wiki hizo hakukutana na kitu hata kimoja cha kukisifia. Ndizi wanapika na maharage, bila nazi, zinafika kwenye sahani zimelala kama sabuni iliyoloa. Ugali wa muhogo unanuka soksi. Samli inanuka beberu. Vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno. Zulfa, ambaye kazaliwa hapo hapo mjini, alimpandisha kilimani akaone boma la Mjerumani, akamweleza kila dirisha. Taufiki akasimama, mikono kiunoni.

"Ukuta? Tumepanda mlima mzima tuje kuona ukuta? Tanga Wajerumani walituachia mji."

"Basi hujaona Rusumo," Zulfa akasema kwa hasira. "Maji yanaanguka mpaka ardhi inatetemeka. Hata wazungu wanakuja kupiga picha." Halafu akasita, akajifunga mtandio upya. "Ila sasa hivi usiende."

Kumwambia Taufiki usiende ni kumwonyesha njia.

Shida yake ilikuwa moja na nyumba nzima iliijua. Shule aliiacha darasa la sita. Gereji walimfukuza, bekari walimfukuza, na kinyozi alimfukuza kabla hajashika mkasi, kote kwa sababu ya mdomo. Kaka yake Maulidi, mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa, alimpa mwezi mmoja. "Ukiisha huna kazi, nakupandisha basi urudi kwa mama." Na Taufiki hakutaka kurudi kukaa barazani kwa mama yake, watu wazima wakipita wanamuuliza, "Mwanangu, na wewe unafanya nini siku hizi?" Alitaka lori. Aanze utingo, amalizie usukani.

Ndipo akampata Matiasi, dereva wa lori la mahindi ya wakimbizi waliokimbia mauaji ng'ambo ya mpaka. Matiasi alikuwa mtu wa Ngara, mtoto wa wakulima Wakatoliki, mpole, mzito wa maneno. Utingo wake alikuwa amemkimbia.

"Nakujaribu safari moja," Matiasi akamwambia. "Tukishusha mzigo tunalala kwetu. Mama akikukubali, kazi yako. Asipokukubali, utarudi na gari la mwingine."

"Kwani mama yako ndiye mwenye lori?"

"Mama ndiye mwenye mimi."

Usiku wa kuamkia safari Zulfa alimfungia mkate kwenye gazeti, akampa na ushauri. "Sikiliza, shemeji. Kule wana ng'ombe, watakupa maziwa. Maziwa hayakataliwi. Ukikataa umemtukana mwenye nyumba, umemtukana na ng'ombe. Ikikushinda kabisa, sema umekula samaki. Aliyekula samaki hapewi maziwa siku hiyo, wanasema ng'ombe ataugua kiwele. Watayarudisha wenyewe na hakuna atakayenuna."

"Samaki," Taufiki akarudia. Akaliweka kichwani.

Benako, kwenye kambi ya wakimbizi, walifika kabla ya saa sita. Taufiki alikuwa hajawahi kuona watu wengi namna ile mahali pasipo na mji. Miti yote imekatwa, visiki tu. Moshi, matope, mavi, watoto wanakohoa. Alishusha magunia kitambaa kimefunga pua, na mkate wa Zulfa ukabaki kwenye gazeti lake. Yalibaki magunia kumi ya kupeleka mpakani, Rusumo.

"Utabaki hapa unisubiri," Matiasi akasema.

"Nibaki? Maporomoko ndiyo kitu pekee nchi hii wanachonisifia. Nikirudi Tanga niwaambie nimeona nini, ndizi?"

Matiasi akamfungulia mlango wa lori. "Panda," akasema.

Pale darajani upepo wenye uvundo ndio uliowapokea kwanza. Taufiki alidhani ni ng'ombe aliyekufa. Akaenda mpaka kwenye ukingo, akainama kutazama maji yanayosifiwa. Kitu cha kwanza alichokiona ni sweta la kijani. Lilikuwa linazunguka chini ya maporomoko, linazama, linaibuka, linazunguka tena, na ndani ya sweta alikuwamo mtu. Nyuma yake alikuja mwingine. Halafu wawili waliofungwa pamoja. Maji yalikuwa yananguruma vile vile kama Zulfa alivyosema, na ardhi ilikuwa inatetemeka kweli.

Alirudi kwenye lori bila kusema neno. Ilikuwa mara ya kwanza.

Njiani kurudi kuelekea Ngara walimpita mtu kasimama pembeni ya barabara, kashika kambare watatu kwenye kamba. Watu waliokuwa wanakuja kwa miguu walivuka upande wa pili.

"Yule amechanganyikiwa," Matiasi akasema. "Tangu mto uanze kuleta watu, hakuna anayekula samaki upande huu. Mtu anayekula samaki sasa hivi, anakula nani?"

Taufiki alitoa kichwa dirishani, akatapika maji matupu.

Kwa kina Matiasi walifika jua limelegea. Nyumba ya bati katikati ya migomba, uwanja umefagiwa, ng'ombe watatu wenye pembe ndefu wanarudi kutoka malishoni. Mama Kalista alikuwa mwembamba, mrefu, rozari shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa." Akampima kwa macho kama anayetazama ndama mnadani. "Huyu ndiye? Mbona mkavu?"

"Hajala leo," Matiasi akasema.

"Atakunywa."

Pembeni ya mlango mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage kwenye ungo. Matiasi alisema anaitwa Keza, alivuka kutoka ng'ambo, mama kamchukua akae naye. Keza aliitikia kwa kichwa, akaendelea na maharage yake.

Taufiki akakaa kwenye kigoda, akajiambia, maziwa ni maziwa, yanatoka kwa ng'ombe yule yule wa Tanga. Mara ng'ombe mmoja akainua mkia. Mama Kalista, bila haraka, akakinga kibuyu chini yake. Mkojo ukaingia unatoa povu. Akakitikisa vizuri, kushoto, kulia, akamwaga. Kisha akakifukiza kwa majani yaliyokuwa yanafuka moshi, akachuchumaa, akaanza kukamua humo humo. Hakujificha. Ndivyo kilivyooshwa kibuyu cha mama yake, na cha bibi yake.

Najisi! Mkojo! Taufiki akamtazama Matiasi, naye anatabasamu, mtu aliyefika nyumbani. Mama Kalista akaja na kibuyu mikono miwili, povu limepanda mpaka mdomoni mwa kibuyu, joto, linanuka moshi na kitu kingine, na Taufiki alikijua hicho kitu kingine.

Mdomo wake ukaokota neno lililokuwa karibu.

"Samahani mama, mimi nimekula samaki."

Lilipokwisha kutoka, ndipo naye akalisikia.

Mama Kalista alirudisha kibuyu kifuani haraka, kwa mazoea, kumlinda ng'ombe wake. Halafu akili yake ikafika. "Samaki?" akasema. "Samaki wa wapi?"

"Nilipokuacha na magunia Benako?" Matiasi akauliza, na huku anauliza akasogeza kigoda chake nyuma. "Umetoka kula samaki, halafu ukaenda kusimama pale darajani?"

Ungo wa Keza ulianguka. Maharage yakatawanyika uwanjani. Akainuka, kaziba mdomo, akaenda nyuma ya nyumba, wakamsikia anatapika. Alitapika muda mrefu kama mtu anayetaka kutoa kitu kisichotoka. Mama Kalista na mwanawe wakamtazama Taufiki vile vile alivyomtazama yeye kumbikumbi wa sokoni.

Kazi imeondoka, hilo alilijua. Angeweza kunyamaza, asubuhi akapanda gari lingine, akarudi kwa kaka yake na hasira zake. Ila ile sauti nyuma ya nyumba haikunyamaza.

"Sijala samaki," akasema kwa nguvu, ili na huko nyuma asikike. "Muongo mimi. Sijala kitu chochote tangu asubuhi, na tangu Rusumo hata mate yananishinda. Nimeona mmeosha kibuyu na mkojo wa ng'ombe, nikaona kinyaa. Basi. Shemeji yangu alinifundisha niseme samaki, nikasema bila kufikiri."

"Umeona kinyaa?" Mama Kalista akauliza. "Kibuyu changu?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Lakini ndiyo."

Keza alikuwa ametokea kwenye kona ya nyumba, anajifuta mdomo kwa pindo la kanga. Alisema maneno marefu kidogo kwa lugha yake, taratibu, anamtazama Taufiki usoni. Matiasi akainamisha kichwa.

"Anasemaje?"

"Anasema alikaa siku tatu kwenye mafunjo, amejificha, na kiu. Anasema alikunywa maji ya mto ule. Anauliza, wewe umeshindwa na mkojo wa ng'ombe?"

Taufiki alinyoosha mikono yote miwili. "Nipeni ninywe."

"Hupewi," Mama Kalista akasema.

"Nimeshasema ni uongo!"

"Mimi nimesikia ni uongo. Ng'ombe amesikia samaki. Aliyejitaja hivyo hanywi mpaka ng'ombe alale na aamke."

"Mama, tunaondoka alfajiri," Matiasi akasema.

"Na ng'ombe anakamuliwa alfajiri. Kwani nimehama?"

Taufiki aliinama, akaanza kuokota maharage, moja moja. Baada ya muda Keza akachuchumaa upande wa pili, akaokota ya kwake.

Alfajiri palikuwa na umande na baridi ya kukata masikio. Mama Kalista alimwita Taufiki asimame karibu, aone. Akakinga mkojo, akatikisa, akamwaga, akafukiza. Yote polepole, kama mwalimu anayeandika ubaoni kwa mtoto mzito. Akakamua. Kibuyu kikaja mikononi mwa Keza. Yeye ndiye aliyeonja kwanza, maana kule mgeni hapewi kitu ambacho mtu wa nyumba hajakionja mbele yake, na povu likamkaa juu ya mdomo. Hakulifuta. Akampa.

Taufiki alisema bismillahi kimoyomoyo, akaona aibu kuisema juu ya najisi, akafumba macho, akanywa.

Mtu asikudanganye kwamba yalikuwa matamu. Yalikuwa ya moto, yana moshi, na kile kitu kingine kilikuwemo kuanzia funda la kwanza mpaka la mwisho. Koo lilikataa. Akasukuma. Likakataa tena, machozi yakamtoka, akasukuma. Aliposhusha kibuyu kilikuwa kitupu, na Mama Kalista alikipindua chini kuhakikisha.

"Asante mama."

"Unaona kinyaa bado?"

"Sana."

Mama Kalista akatoa kicheko kidogo cha puani. Akamgeukia mwanawe. "Mchukue. Mdomo wake mbaya, lakini sasa ukisema kitu nitajua ni kweli."

"Panda," Matiasi akasema. "Ukitapika, tapika nje. Gari langu nimelipiga deki jana."

Lori likashuka kilima. Kufika njiapanda ya Benako, pale barabara ya Rusumo inapochepuka, upepo ukaja na harufu yake, na maziwa yakapanda mpaka kwenye meno. Taufiki akaziba mdomo kwa mikono miwili, akayameza mara ya pili.