Bei ya Kupanda

Watu walimwita Tumbili, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na tisa alipanda miti ya watu kwa kamba na mshipi, msumeno wa injini ukining'inia kiunoni, akikata matawi yaliyotishia mapaa na nyaya. Hakuwa na ajira. Mkandarasi alimpigia simu kukiwa na kazi, akamlipa kwa siku. Mvua ikinyesha, hakuna kitu. Kamba alinunua mwenyewe, petroli mwenyewe, dawa ya mgongo mwenyewe. Na aliyebaki chini kuburuta matawi alipata karibu sawa na yeye aliyekuwa juu.

Ndipo alipowakusanya wapandaji wenzake, wote saba, kwenye kibanda cha fundi anayenoa misumeno. Aliwakumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wakakubaliana bei moja ya siku, mara mbili ya ile ya zamani, na asipande mtu kwa chini ya hapo. Mgeni zaidi katika kazi alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye Tumbili mwenyewe ndiye aliyemfundisha kufunga fundo. Naye alikubali, akatania kwamba sasa wenye nyumba watamwamkia yeye.

Wiki sita simu zikawa kimya. Mkandarasi aliiachia njaa imfanyie kazi. Wiki ya saba akapiga: mti mkavu nyuma ya zahanati, umeinamia wodi ya wazazi. Tumbili akataja bei. Mkandarasi alimjibu kwa upole kabisa kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wapo wanaojua kuinama. Akakata simu.

Kesho yake asubuhi fundi wa misumeno alikuja mbio na habari kwamba shemeji yuko kwenye mti ule, ananing'inia kwenye mshipi, hashuki.

Tumbili alipanda bila kutaja bei. Tawi bovu lilikuwa limekatika juu na kumpiga shemeji mgongoni. Chini hapakuwa na mtu wa kumtazamia kamba. Mkandarasi alikuwa amebana matumizi hata hapo.

"Nilitaka kukuambia, shemeji," alinong'ona majeruhi. "Kodi ya nyumba ilinikaba koo."

"Nyamaza. Nishike shingo."

"Mikono ninayo. Miguu siisikii."

Akamshusha taratibu, kifua kwa kifua, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala.

Hospitali walisema ni uti wa mgongo. Waliokuja kuwapa pole walisema siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Tumbili aliichukia methali ile. Mti haukuteleza.

Jioni mkewe alikuwa akikunja mashuka ya kupeleka wodini. Aliuliza bila kuinua macho:

"Ungekubali bei ya zamani, ungepanda wewe?"

"Ningepanda mimi."

"Na lile tawi ungeliona?"

Alifikiria kumdanganya. Miaka kumi na tisa; tawi bovu alilijua kwa kuligonga tu.

"Ningeliona."

Mkewe akamaliza kukunja shuka, akachukua jingine. Hakulia, wala hakumlaumu, ila tangu siku ile alimwekea chakula mezani na kwenda kula jikoni.

Siku ya nne mkandarasi alipiga tena. Mti ulikuwa umekatwa nusu, na mganga mkuu wa zahanati alikuwa amemjia juu. Atalipa bei wanayotaka. Tumbili alitaka pia mtu wa kutazama kamba, na gharama za matibabu ya shemeji. Mtu wa kamba alikubaliwa. La matibabu, mkandarasi alisema yule hakuwa mwajiriwa wake.

Tumbili aliwafikiria wazazi waliolazwa wodini chini ya mti ule. Akaenda, akaukata kwa siku mbili.

Tangu hapo hakuna mkandarasi aliyebishana nao bei. Wenzake kibandani walimsifu, wakamvutia kiti. Hakukaa.

Kila alasiri huenda kwa mama mkwe kumgeuza shemeji kitandani, asipate vidonda. Siku moja, akiwa amelazwa ubavu, shemeji aliuliza kwa siku sasa wanalipwa ngapi. Tumbili akamwambia.

"Si haba," alisema shemeji, akafumba macho.