Msiba wa Yakoni

Yakoni si kiazi kitamu wala si muhogo. Nilimweleza hivyo mke wangu Pelagia mwezi Novemba, nilipomwomba tuta moja la mchicha wake nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Chemchem. Ni mzizi wa milima ya Amerika Kusini, unaliwa mbichi, una maji kama tikiti. Mimi niliyepata cheti cha kidato cha nne kwa masomo ya jioni, tayari nikiwa na wajukuu wawili, nilikuwa nimeyasoma hayo mara tatu.

"Nakupa hadi kiangazi," alisema. "Huo mzizi wako ukifa, tuta linarudi kwa mchicha, na sitaki hotuba."

Mimea ilipanda hadi ikanipita kimo, ikatoa maua madogo ya njano kama alizeti. Kisha mwezi Juni majani yakakauka yote. Kitaalamu, hiyo ndiyo dalili kwamba mizizi imekomaa. Nilikwenda kuchukua jembe. Niliporudi, jirani yetu Fikiri alikuwa amekwisha kuyaona.

Fikiri ni Mzigua wa Handeni, mstaafu wa reli. Mimi ni Mnyamwezi. Kwa hiyo ni mtani wangu tangu enzi za misafara, na kwenye msiba mtani ndiye bwana. Hapo hapo alivua kofia, akapiga yowe.

"Uwiii! Mtani wangu kafiwa! Babu yake alibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani, hakuangusha hata moja. Huyu kashindwa na mboga!"

"Haijafa, mtani. Imekomaa."

"Wafiwa wote husema hivyo."

Kufikia saa nne akina mama walikuwa wametandika mikeka. Saa sita turubai likafungwa. Wengine walikuja wakidhani nimekufa mimi. Waliponiona wakakaa vilevile, maana kazi walikwisha kuziacha. Fikiri alijifunga majani makavu kichwani, akasimama katikati ya tuta kumwigiza marehemu: mikono juu, kisha akajikunja taratibu hadi akalala chali. Watu walicheka hadi machozi yakawatoka.

"Toka nichimbe," nilisema.

"Maiti haifukuliwi! Hukufundishwa hilo jioni?"

Pelagia alikuwa mlangoni, kopo la mbegu za mchicha mkononi. Nikajua nisipochimba leo, kesho sina tuta. Lakini mtani huwezi kumwondoa kwa hoja. Nikawageukia waombolezaji.

"Jamani, msibani watu hula. Na chakula kimelaliwa na mtani."

Akina mama walimwinua Fikiri kwa mikono na miguu, wakamweka kando, naye akabaki vilevile, marehemu kamili. Nilichimba. Ilitoka mizizi minene ya kahawia, makarai mawili. Nilimenya, nikagawa. Kwa muda ilisikika sauti ya kutafuna tu. Fikiri alifufuka, akadai fungu la msimamizi, akala vipande sita.

"Kafa vizuri," alisema. "Ana maji huyu."

Pelagia alitafuna kipande chake polepole, akaomba kingine. Kisha akaweka kopo dirishani, akakusanya machipukizi ya mashina, ambayo ndiyo mbegu ya yakoni, akaanza kuyafukia tutani mwenyewe. Nilimweleza kwamba yakoni hungoja mvua.

"Tuta langu, na marehemu wangu," alisema. "Kachote maji."

Nilichukua ndoo. Bombani nilikutana na waombolezaji wawili waliochelewa. Wakanipa pole, nikaipokea.