Jukwaa Juu ya Kaburi la Emile

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeula uwanja wa zamani wa komine, ofisi ya serikali ya eneo, hadi nusu yake. Korongo lililobaki lilikuwa tabu hata kwa mbuzi kulivuka, sembuse wanafunzi wa masomo yote, yaani shule zote, wapite pale wakipiga mguu mbele ya wakubwa. Basi ikaamuliwa kwamba sikukuu ya uhuru, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, itafanyika mtaa wa Lwamba, pembeni mwa Kasongo, pale barabara ya kwenda Kabambare inapopanuka na kuwa kama kiwanja.

Watu wa Lwamba walifurahi sana. Tangu zamani, komine ilikuwa haiwakumbuki ila kwa salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka na kufagia kila Jumamosi. Sasa fanfare, ile bendi ya matarumbeta, ingepiga mbele ya milango yao. Wanawake walianza kupanga nani atauza maandazi, nani atapika samaki, nani atatoa viti.

Shefu wa mtaa aliitwa Faradji, mtu mrefu wa maneno machache. Jumamosi moja alifika kwa Léocadie, mjane mmoja wa pale mtaani, akiwa na vijana wenye mapanga. Léocadie alikuwa ameinama, anatandaza mpunga juu ya mkeka.

"Mama Naomie," Faradji akasema bila kuketi, "tribini, jukwaa la wakubwa, itawekwa hapa kwako. Ni pahali pekee penye kuinuka. Wakubwa wakikaa hapa wataona barabara yote."

"Hapa wapi?"

Faradji akaonyesha kwa kidevu. Kati ya nyumba na barabara palikuwa na kaburi lililopakwa simiti, na msalaba wa chuma kichwani pake.

"Pale iko Emile," Léocadie akasema.

"Najua."

"Kama unajua, mbona unaniuliza?"

"Sikuulizi, mama. Nimekuja kukujulisha."

Léocadie akanyooka, mpunga bado umemshika viganjani. Alimwambia shefu atoke katika uwanja wake, yeye na vijana wake, na akitaka kurudi arudi kuhani msiba, maana hata siku ya mazishi hakuonekana. Faradji alitoka polepole, bila hasira. Alikuwa anajua mlango mwingine wa kupitia.

Léocadie hakuzaliwa Kasongo. Kwao ni upande wa Wamaza, katika Kabambare, na kabila lake ni Mubangubangu. Emile alimkuta huko akiwa bado kijana, siku zile alipokuwa anasukuma baiskeli yenye chumvi na vitenge akirudi na mpunga. Alimleta Lwamba, wakajenga, wakazaa Naomie. Emile alipokufa, njia ya makaburi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya risasi za vita, ndiyo maana alizikwa nyumbani. Ndugu zake Emile walikubali siku ile kwa sababu waliogopa kutoka. Baadaye walianza kusema kwamba Léocadie alimfunga ndugu yao pale kiwanjani ili yeye mwenyewe asifukuzwe.

Aliyesema hivyo zaidi ni Bruno, mdogo wake Emile. Faradji alikwenda moja kwa moja kwake. Akamwambia kwamba familia itakayotoa kiwanja itapewa kiti juu ya jukwaa, mstari wa pili, nyuma ya wakubwa. Bruno hakuomba hata siku ya kufikiri.

Jioni ileile alifika kwa shemeji yake akiwa amevaa koti.

"Kiwanja hiki ni cha baba yetu," akasema. "Emile alikaa hapa kwa ruhusa. Wewe ulikaa hapa kwa sababu ya Emile. Mimi nimekubali, na maneno yamekwisha."

"Umekubali wakanyage ndugu yako?"

"Watapanga mbao juu. Hakuna mutu atamugusa."

"Shemeji, nenda ulale juu ya kaburi ya baba yenu, mimi nipange mbao juu yako, tuone kama ni heshima."

Bruno akamkazia macho. "Mutu wa Wamaza ndiye atatufundisha namna ya kuheshimu wafu wa Kasongo? Ulifika hapa na kikapo kimoja. Usisahau."

Kesho yake habari ilikuwa imeenea. Kule chemchemi, Léocadie alipofika na ndoo yake, wanawake hawakumsogelea wala hawakumpisha. Mmoja alisema kwa sauti, akiwa amempa mgongo, kwamba kuna watu ambao mtaa ukipata bahati wao hupata homa. Léocadie akangoja hadi wote wakaondoka, ndipo akateka maji.

Alivaa kitenge chake kizuri akaenda komine. Mkuu wa komine alikuwa mwanamke, Madame Pascaline, na Léocadie alidhani mwanamke mwenzake, tena mjane kama yeye, atamsikia. Alikaa kwenye benchi la nje asubuhi nzima. Walioingia baada yake walitoka kabla yake. Alipoitwa hatimaye, Madame Pascaline alikuwa anachagua vitambaa vya kupamba jukwaa, bluu, vyekundu na vya njano, vimetandazwa mezani.

"Mama, nimesikia habari yako," akasema huku akipima kitambaa kwa mkono. "Inchi nzima inafanya sikukuu siku moja. Marehemu wako anaweza kuvumilia asubuhi moja."

"Madame, na wa kwako angevumilia?"

Pascaline akaacha kitambaa. Kisha akamwita polisi wa mlangoni, akamwambia amtoe huyu mama, na asiingizwe tena kabla ya sikukuu.

Nyumbani palikuwa na vita vingine. Naomie, binti yake, alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika masomo ya msingi ya pale mtaani. Mkurugenzi alikuwa amewaambia walimu kwamba atakayekosa kwenye defile, yale maandamano ya sikukuu, asilitafute darasa lake tena.

"Mama, ni mbao tu," Naomie akasema. "Watapanga, watatoa. Wewe kila siku unapigana. Na baba mudogo, na shefu, na watu wa chemchemi. Mimi ndiye naishi na hawa watu. Watoto wao ndio nafundisha."

"Nenda ukaishi nao basi."

"Unanifukuza?"

"Nimesema nenda."

Naomie alikusanya nguo zake akaenda kulala kwa mwalimu mwenzake. Léocadie hakumwita arudi.

Mbao zilifika, zimeazimwa parokia. Mafundi walichimba mashimo ya nguzo kuzunguka kaburi, na nguzo moja ilipogongwa, simiti ya upande wa miguu ikapasuka. Léocadie alikuwa amesimama pale pale. Fundi alimtazama, akamtazama Faradji, akaendelea kugonga. Kisha ikaonekana kwamba msalaba ni mrefu, unazuia ubao. Faradji akaamuru uchomolewe. Vijana wakautikisa huku na huku kama wanang'oa muhogo, ukatoka, wakauegemeza kwenye ukuta wa jiko.

"Tutaurudisha," Faradji akasema.

"Mwongo," Léocadie akamjibu, akaubeba msalaba akauingiza ndani ya nyumba, akaulaza kitandani upande wa Emile.

Siku ya sikukuu kulipambazuka na baridi ya kiangazi. Vumbi lilikuwa jekundu na moshi wa majani yaliyochomwa porini ulikuwa bado umelala chini. Faradji aliweka vijana wawili kwenye mlango wa mbele wa Léocadie, wamzuie asiharibu kitu. Hakukumbuka mlango wa jiko. Watu walipokuwa wanashangilia fanfare inayotoka upande wa soko, Léocadie alizunguka nyuma ya nyumba, akainua kitambaa cha njano kilichofunika nguzo za jukwaa, akaingia chini.

Hakwenda pale kufanya fujo. Alitaka tu Emile asiwe peke yake. Alikaa chini kando ya simiti iliyopasuka, magoti yamekunjwa, maana mbao zilikuwa karibu na kichwa chake. Mwanga uliingia kwa kupenya vitambaa, ukawa wa njano na wa bluu. Kisha wakubwa wakapanda. Viatu vikapita juu, vumbi likamwagika kwenye nywele zake na machoni. Viti vikaburutwa. Akasikia sauti ya Bruno, anamweleza mtu kwamba kiwanja hiki ni cha familia yake tangu wakati wa babu, na mtu huyo akamsifu, na Bruno akacheka.

Bandera ikapandishwa. Wimbo wa taifa ukaimbwa. Kisha Madame Pascaline akasema kwenye kipaza sauti kwamba kabla ya defile, watu wote wasimame kimya, wawakumbuke wote waliokufa kwa ajili ya nchi hii.

Watu wakanyamaza, wenye kuuza na wenye kununua, hata watoto. Juu ya kichwa cha Léocadie mbao zikalia kidogo, wakubwa wanasimama, na kiatu kimoja kikatua sawasawa juu ya kifua cha Emile.

Hapo kilio kikamtoka. Hakukiita. Kilitoka kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, kama wanawake wa kwao wanavyolia mume siku ya kwanza, wakitaja jina lake na majina ya baba zake na njia alizopita akiwa hai. Siku ya mazishi hakuweza kulia hivyo, risasi zilikuwa karibu na walimwambia anyamaze. Sasa sauti ilipanda kati ya mbao ikatoka mbele ya watu wote, na hakuna aliyeona inatoka wapi. Wanawake wengine wakajishika midomo. Mgeni mmoja mkubwa aliangalia chini ya kiti chake, akarudi nyuma. Bruno alijua ni nani. Alibaki amesimama, macho yake barabarani.

Faradji alishuka mbio na vijana wake. Wakararua kitambaa, wakamshika Léocadie mkono, wakaanza kumvuta. Yeye akashika nguzo. Kitenge kikafunguka, akabaki na sketi ya ndani mbele ya mtaa mzima.

Darasa la kwanza ndilo lililopangwa kufungua defile. Naomie alikuwa mbele yao, glavu nyeupe mikononi. Asubuhi alikuwa amewaambia watoto wasiangalie watu, wamfuate yeye tu, popote atakapokwenda. Alipoona mama yake anavutwa, alitoka mstarini akatembea kuelekea jukwaa. Na watoto, kila mmoja na bandera yake ya karatasi, wakamfuata, wakiinua magoti na kupiga mikono kama walivyofundishwa. Watu wengine walianza kucheka, kisha wakaacha.

"Achia mama yangu," Naomie akamwambia Faradji.

"Mwalimu, rudi mustarini."

"Muachie."

"Unajua unaharibu kazi yako?"

Naomie aliokota kitenge akamfunga mama yake kiunoni. Watoto walikuwa wamewazunguka, wengine wameanza kulia kwa sababu mtu mzima analia. Faradji aliona macho ya wageni yanamtazama yeye sasa, akaachia mkono.

Kutoka juu Madame Pascaline akasema bila kipaza sauti, "Endelesheni." Fanfare ikapiga, masomo mengine yakapita. Lakini mkuu yule mgeni, alipokwisha kuliona kaburi chini ya mbao, alishuka kabla ya mwisho, akaenda kusimama upande wa pili wa barabara, juani, na wengine ikawabidi wamfuate. Bruno alibaki juu peke yake, katika mstari wa pili.

Wazazi walikuja kuwachukua watoto wao kwa hasira. Mama mmoja alimvuta mwanawe akamwambia Naomie usoni, "Tulimushonea uniforme mupya ili akae chini kwenye vumbi na wachawi wenu?"

Wiki ile ile Naomie aliambiwa darasa limepewa mwingine. Parokia ilichukua mbao zake. Hakuna aliyekuja kuziba ufa wa simiti wala kusimamisha msalaba. Mama na binti walichanganya simiti wenyewe, vibaya vibaya, na msalaba ukasimama ukiinama kidogo.

"Usifikiri nilikubaliana nawe," Naomie akasema, anapangusa mikono. "Nilitoka sababu walikuvuta mbele ya watoto wangu."

"Najua."

"Ungenisikia, ningekuwa na kazi."

"Hiyo pia najua," Léocadie akasema, akamkabidhi mwiko.

Bruno alikuja mara moja tu. Alisimama barabarani, hakuingia. Alisema kwamba siku atakayokufa yeye, asimwone Léocadie kwenye matanga yake. Léocadie akamwambia asiwe na wasiwasi.

Mwaka uliofuata sikukuu ilipelekwa mtaa mwingine. Watu wa Lwamba hawakusema ni komine iliyowanyima, walisema ni mwanamke wa Wamaza. Jiwe liliangukia bati la nyumba yake usiku mmoja, kisha jingine. Wakati wa kutwanga mpunga, ambapo majirani husaidiana kwa zamu, alitwanga peke yake.

Naomie alipata darasa Nyangwe, kando ya mto, kwenye masomo ambayo hayakujua habari zake. Pikipiki ilipokuja kumchukua, alisimama muda mrefu na mfuko mkononi.

"Twende wote, mama. Kule watu hawatujui."

"Nani atabaki na yeye?"

"Hawa watu watakuumiza siku moja."

"Waje muchana," Léocadie akasema. "Niwaone uso."

Kisha akamwambia mwenye pikipiki aende, jua lisije likawa kali njiani.